Fimbo ya Kumi na Tano

Jumapili, 2 Novemba

Mimi ni wa arobaini. Anayetaka kucheka acheke. Hii ni ziara ya gofu ya kulipwa ya nchi nzima, msimu mzima wa kuhangaika kutoka kiwanja hadi kiwanja, na mimi niliyejifunza kwa video za simu, nikipigia fagio juu ya paa la nyumba, nimo. Wanaobaki mwakani ni arobaini. Wa arobaini na moja anarudi kwao.

Limebaki shindano moja. Na wa arobaini na moja ni Bwana Pole.

Si jina lake. Tumempa sisi. Mpira wako ukielekea majini, anasema pole. Hakejeli. Anaweka mkono kifuani kabisa, kama umefiwa. Shida ni kwamba anasema kabla mpira haujatua. Leo kaniambia mara mbili, na mara zote mbili mpira umezama. Ningekuwa na ushahidi ningemshtaki.

Jioni kapiga simu shemeji, mume wa dada, mwenye duka la rangi za nyumba. Kasema koti langu la kazi limeshashonwa, linaning'inia nyuma ya mlango wa duka. Kasema hana haraka, bingwa. Ameanza kucheka kabla hajakata simu.

Sivai lile koti.

Jumanne, 4 Novemba

Tumefika kwenye shindano la mwisho. Anayenibebea mfuko ni dada. Kafunga saluni yake wiki nzima kwa ajili yangu, na hapiti mtu bila kuambiwa. Mpokeaji wageni kaambiwa. Fundi bomba kaambiwa. Hesabu yenyewe ni rahisi: kati yangu na Bwana Pole, atakayemaliza mbele ya mwenzake ndiye anabaki kwenye ziara. Dada kasema basi nicheze tu vizuri.

Watu ambao hawana mipango ndivyo wanavyoongea.

Bwana Pole yuko chumba cha pili kutoka changu. Anaimba akioga. Mstari mmoja huohuo.

Jumatano, 5 Novemba

Mpango wa kwanza. Safi sana.

Nilikaa naye mezani asubuhi. Nikamsifu jinsi anavyopiga. Halafu, taratibu, huku nakoroga chai, nikamuuliza: hivi kaka, ukishika fimbo, kidole gumba cha kushoto huwa kinatazama wapi?

Akasita. Akasema hajawahi kuangalia. Akashika kijiko kama fimbo, akakitazama kidole chake muda mrefu, chai ikapoa. Nikajua nimemaliza. Mtu akianza kuwaza kidole gumba, hapigi tena mpira maishani.

Dada kaniuliza nacheka nini peke yangu. Nikamwambia anga ni zuri.

Alhamisi, 6 Novemba

Bwana Pole kacheza raundi nzuri kuliko zote za msimu wake. Kanifuata kunishukuru. Eti kidole chake kilikuwa kinatazama pembeni miaka yote, kakirekebisha, mpira unanyooka kama uzi. Kaniita mwalimu. Mbele za watu.

Mimi sikuweza kupiga. Kila nikishika fimbo nawaza kidole gumba changu kinatazama wapi. Kwenye shimo la saba nilikiangalia mpaka mwenzangu wa kundi akauliza kama kimeumia. Dada kasema nikikitazama tena atakifunga kwa kitambaa.

Ijumaa, 7 Novemba

Kakifunga kwa kitambaa. Nimepita mchujo kwa kuponea chupuchupu. Sitaki kusikia neno.

Jumamosi, 8 Novemba

Mungu mkubwa. Mambo yamegeuka. Leo mimi nilikuwa moto na Bwana Pole kanasa kwenye mitego ya mchanga mashimo manne. Kila akitoka humo anafutafuta nyayo zake kwa utaratibu kama anatandika kitanda. Kwa hiyo naingia siku ya mwisho nikiwa mbele yake kwa mikwaju mitatu. Na kwa kuwa tunafuatana kwenye ubao wa matokeo, kesho tunacheza kundi moja.

Dada kasema sasa sikiliza mdogo wangu, nakuomba, kesho usifanye kitu. Amka, kula, piga mpira, nyamaza. Kasema anaijua sura yangu nikiwa na wazo, na anaiona sasa hivi.

Nikamwambia sina wazo lolote.

Ninalo. Bwana Pole ana fimbo ya kusukumia mpira ukikaribia shimo. Nzee, imepinda kidogo, mpini wake kauzungushia mpira wa tairi la baiskeli. Ziara nzima inaijua. Bila ile fimbo yeye ni mtu wa kawaida anayeomba radhi. Na hana wa kumbebea mfuko, anajibebea mwenyewe. Kwa hiyo mfuko wake kuna wakati haulindwi.

Jumapili, 9 Novemba

Naandika. Kwa hasira.

Asubuhi mifuko ilikuwa imeegemezwa kwenye kizuizi karibu na pa kuanzia. Bwana Pole alikwenda msalani. Nikaichomoa ile fimbo. Nilitaka kuitupa kwenye kichaka, lakini kichaka kilikuwa na mama mmoja na watoto wake wanapumzika kivulini. Halafu tukaitwa. Nikaichomeka ndani ya mfuko wangu, kichwa chini, nikafunika kwa taulo.

Sasa. Kanuni naijua. Mchezaji haruhusiwi kuanza na fimbo zaidi ya kumi na nne. Za kwangu zilikuwa kumi na nne kamili. Lakini ile haikuwa fimbo yangu. Nikaona haihesabiki.

Shimo la kwanza, Bwana Pole kaingiza mkono kwenye mfuko, hola. Kapapasa. Kakuna kichwa. Halafu akachukua lile fimbo kubwa la kupigia mbali, akausukuma mpira nalo, taratibu, na mpira ukaenda ukaenda ukazama shimoni. Akacheka mwenyewe. Shimo la pili, vilevile. Watazamaji wakaanza kumfuata.

Muda wote huo dada nyuma yangu analalamika mfuko mzito. Nikamwambia ni uchovu. Hilo lilikuwa kosa, dada haambiwi amechoka. Shimo la tatu akautua chini, akasema leo nitajua umeweka tofali au nini, akatoa taulo, akavuta.

Akainyanyua juu ile fimbo yenye mpira wa baiskeli. Akauliza kwa sauti ya saluni: hii ya nani?

Refa alikuwa hapohapo. Mimi nilitazama mawingu.

Na huyu mtu, huyu mtu wa ajabu, akaja mbio mkono kifuani. Akasema pole sana ndugu yangu, hili kosa langu, mifuko ilikuwa imeegemea pamoja, nitakuwa nimeichomeka kwako bila kujua. Refa akamtazama yeye, akanitazama mimi, akatazama lile taulo. Akasema hajauliza nani aliichomeka. Anauliza mfuko wa nani. Dada akajibu kabla yangu: wa huyu mdogo wangu.

Adhabu, mikwaju minne juu ya hesabu yangu.

Nikacheza vizuri baada ya hapo, niandike ukweli. Nilipigana. Kwenye shimo la mwisho nilikuwa nimelingana naye, nimebakiwa na msukumo mfupi ambao hata shemeji angeutia. Nikainama. Nikavuta pumzi. Nyuma yangu nikasikia, polepole, kwa huruma yote ya dunia:

"Pole."

Mpira ulikuwa haujaondoka hata kwenye fimbo.

Kanishinda kwa mkwaju mmoja. Nimemaliza wa arobaini na moja.

Dada hajanifokea, na hilo ndilo linaniogopesha. Kasema kitu kimoja tu njiani: toa minne, uone ungekuwa wapi. Halafu akageukia dirishani. Kafunga saluni wiki nzima.

Nilichorudi nacho ni ile fimbo. Bwana Pole kanipa. Kasema tangu aanze kutumia ile kubwa anasikia raha, nichukue hii, imenipenda yenyewe.

Jumatatu, 10 Novemba

Koti linabana kwapani. Mteja wa kwanza alitaka rangi ya maziwa, nikamchanganyia rangi ya ufizi. Shemeji kasema taratibu, bingwa.

Lakini saa nne simu mbili zimebadilisha kila kitu.

Ya kwanza, ofisi ya ziara. Kumbe wa arobaini na moja ndiye akiba wa kwanza. Mmoja wa wale arobaini akianguka mapema msimu ujao, naingia mimi.

Ya pili, Bwana Pole. Mgongo unamsumbua, anatafuta mtu wa kumbebea mfuko mwakani. Kaona hakuna anayemfaa kama mwalimu wake. Nitapata fungu la kila atakachoshinda. Nikakubali kabla hajamaliza.

Maana nimeshaona nilipokosea. Nilitoa. Nilitakiwa kuongeza. Mfuko wake ukiwa begani kwangu, naingiza fimbo moja ya ziada, na ninayo, hii hapa nyuma ya ndoo. Mikwaju minne kila raundi, anaporomoka, nafasi yangu hiyo. Nani atamshuku mbebaji?

Mchana dada kaniletea chakula dukani, nikashindwa kujizuia, nikamweleza mpango wote. Kasikiliza mpaka mwisho. Kafunika bakuli. Kauliza, Bwana Pole akiporomoka, yule anayelipwa fungu la ushindi wake atakula nini.

Sijui kwa nini watu wanapenda kutoka nje ya mada.