Fisi wa Idodi na Nafasi ya Mbeya

Jumatatu, 6 Agosti 1956. Mlandege, Iringa.

Habari kubwa! Bwana Firoz anafungua studio ya pili, huko Mbeya. Msimamizi atatoka kati yetu wapiga picha wake wawili: Liberatus wa harusi, au mimi, Matano, wa picha za pasipoti. Atakayeleta picha ya kuweka dirishani, ambayo Iringa nzima haijawahi kuiona, ndiye atakayekwenda.

Liberatus kasema atapiga kwaya ya misheni. Kwaya! Nikatangaza kwamba mimi nitaleta simba akila mzoga, tena bila kumsogelea. Kamera naifunga kwenye kisiki, uzi unatoka kwenye kifyatulio hadi kwenye nyama. Mnyama akivuta nyama, kajipiga picha mwenyewe. Mimi nakunywa chai. Liberatus alicheka mpaka akapaliwa. Wivu.

Nyumbani mke wangu, Siwema, aliuliza nani atazungusha filamu baada ya picha ya kwanza. Sikuwa nimelifikiria. Nikamwambia hayo ni mambo ya kitaalamu.

Jumatano, 8 Agosti. Idodi.

Nimefika juu ya lori la magunia, vumbi hadi masikioni. Mwenyeji wangu ni Gideoni, mfugaji. Dume lake la ng'ombe lilikufa juzi kwa ugonjwa, nyama hailiki, akaliburuta hadi ukingoni mwa pori. Bahati yangu!

Gideoni kasema simba wamehamia mtoni hadi mvua zije. Nitakaowapata ni fisi. Nikamjibu kwamba fisi hana sura ya kukaa dirishani.

"Kwani umewahi kumtazama vizuri, bwana?" akaniuliza.

Swali gani hilo?

Nikaingiza kamera ndani ya debe lenye tundu mbele, nikafunga uzi kwenye pembe ya dume, tukaenda kunywa chai. Tuliporudi ilikuwa imeshafyatuka. Nani kaifyatua? Tumbusi arobaini, na wote walinitazama kana kwamba mimi ndiye mwizi.

Alhamisi, 9 Agosti.

Kutwa nzima kichakani. Kila kamera ikifyatuka natambaa kwenda kuzungusha filamu. Siwema asijue.

Lakini ndege hawa! Tangu asubuhi waligombana juu ya mzoga, ngozi imewashinda. Halafu akatua mmoja mkubwa, kichwa chekundu kisicho na nyoya hata moja, mabega kama ya mbeba mizigo. Wote wakapisha bila kuambiwa. Akachana ngozi taratibu, kama fundi cherehani anavyofumua pindo. Akala kidogo, akasimama kando, na wale wadogo ndipo wakapata.

Mchana wakaja mbweha wawili, mume na mke. Mume akawavamia tumbusi kwa kelele nyingi, mke akachota nyama kimyakimya. Kisha wakagawana. Nilitamani kupiga makofi.

Jioni Gideoni akauliza habari za simba. Nilikuwa nimemsahau kabisa.

Ijumaa, 10 Agosti.

Alfajiri, debe halipo! Tukafuata alama za kuburutwa hatua mia. Fisi alilitafuna hadi bati likatoboka, kisha akaliacha. Kamera nzima, nashukuru Mungu. Nikaifunga tena upesi, nikajificha nyuma ya gogo.

Jua lilipochomoza akarudi. Jike, mnene, sikio moja limechanika. Akauma mfupa wa paja ambao Gideoni angehitaji shoka kuupasua. Ulilia kama ubao unaovunjika, naye akaumeza wote, vipande na vumbi lake. Kamera ikafyatuka. Akaitazama, akaona haina maana, akaendelea kula. Sijawahi kuona kiumbe anayefanya kazi yake vizuri namna ile. Chozi lilinilenga.

Baadaye nikadhani kaondoka. Nikaenda kuzungusha filamu. Nilipomaliza tu, akanyanyua kichwa kutoka ndani ya mbavu za dume, hatua tatu kutoka nilipo! Niliruka, mguu ukanasa kwenye uzi, kamera ikafyatuka. Sikusimama hadi nyumbani kwa Gideoni. Kamera aliifuata yeye.

Jumatatu, 13 Agosti. Iringa.

Siku ya ushindi, kwa dakika kumi.

Bwana Firoz alitoka chumba cha giza, akaweka picha ya fisi mezani. Jua la asubuhi masharubuni, macho yametulia, mfupa mdomoni. Siwema, aliyeniletea chakula, aliiangalia muda mrefu. Akasema anamwonea haya, kwa miaka yote aliyomsema vibaya. Hata Liberatus alivua kofia.

"Matano," akasema Bwana Firoz, "Mbeya ni yako."

Laiti tungefunga duka hapo! Lakini Liberatus akaokota picha ya mwisho. Mimi niko hewani, shati limefika kwapani. Fisi anakimbilia upande wa pili, mkia katikati ya miguu. Liberatus akauliza tulikuwa tunakimbia nini.

Mbele ya mke wangu! Nikasema: simba. Dume, manyoya meusi. Alikuwa pembeni kidogo tu, nje ya picha.

Macho ya Bwana Firoz yakawaka. Kumbe simba yupo! Basi Mbeya isubiri. Nirudi Idodi kesho nikamlete, na Liberatus akanishikie nafasi huko. Siwema alifunika chakula na kuondoka nacho.

Jumanne, 21 Agosti. Idodi.

Simba hakuna. Mzoga mwingine, punda wa jirani, umeliwa hadi kwato. Leo yule jike amekuja na wanawe wawili, akawaachia sehemu laini, mwenyewe akabaki na mifupa. Picha sita, kila moja nzuri kuliko mwenzake.

Lori limeleta barua ya Bwana Firoz. Liberatus analia na baridi huko Mbeya, anaomba kurudi Iringa. Picha ya fisi imejaza watu dirishani kutwa. Kama simba hayupo, niseme tu ukweli, nirudi nikachukue nafasi yangu.

Mtu muungwana sana. Nimemjibu papo hapo, kwa mwandiko wangu bora. Simba yupo, na jana alikuja na mkewe.