Mtu wa Alaska Kutoka Yuma

Jumatatu, 13 Januari

Tumefika Corliss. Marva amepata kazi ya unesi katika zahanati ya mji, mimi nimepata ganzi ya masikio. Mji mzuri sana, milima pande zote, na kila kitu kina bei ya kumkohoza mtu. Mkate wenye kipande cha nyama ya bata mzinga unauzwa kwa fedha ambayo kwetu Yuma ingelisha familia na wageni wao. Daktari anayefanya kazi na Marva anakaa chumba kimoja na daktari mwenzake. Wahudumu wa hoteli wanalala kwenye magari.

Sisi tuna bahati. Bi. Hedda Stroud, mjane wa miaka themanini na kitu, ana vyumba viwili juu ya gereji yake, na bado anatoza kodi ya enzi za marehemu mumewe. Ila ana sharti. Hapangishi watu wanaokimbia. Wapangaji waliopita, mtu na mkewe kutoka Florida, waliondoka kabla ya Krismasi na kuacha sufuria jikoni ikiwa na chakula ndani.

Akauliza kama tunaijua baridi. Marva akafungua mdomo. Nikamuwahi. Nikasema mimi nimekulia Alaska.

Humu naweza kusema kweli. Nimezaliwa Yuma, Arizona, jangwani, na maisha yangu yote nimesafisha mabwawa ya kuogelea. Barafu naijua ikiwa ndani ya glasi. Lakini nyumba ilitaka mtu wa Alaska, nami sikuwa na mwingine wa kuipa.

Bi. Stroud alinitazama kuanzia kofia hadi kwenye raba zangu za turubai. Akasema tukae hadi mwisho wa mwezi, ndipo ataamua. Yuko mwombaji mwingine, Corbin Teague, mwanaume wa makamo mwenye ndevu, wa kikosi cha uokoaji mlimani. Tangu vuli analala ndani ya gari lake nyuma ya maktaba. Nikamtangazia vita papo hapo, kimoyomoyo.

Tukipanda ngazi, Marva aliniuliza Alaska iko upande gani. Nikamwambia juu.

Jumatano, 15 Januari

Theluji imeanguka usiku kucha. Nafasi yangu. Niliamua kusafisha njia yote ya gari kabla Bi. Stroud hajaamka, ili akifungua pazia aone kazi ya mtu wa kaskazini.

Nilichota kwa beleshi hadi mgongo ukaomba talaka. Nikafika barabarani. Nikasimama kujipongeza. Hapo likapita greda la manispaa la kusukuma theluji na kurudisha theluji yote mlangoni pangu, pamoja na ya majirani. Dereva alinipungia mkono.

Nikaanza upya. Safari hii niliirusha upande wa kushoto, ambako kulikuwa na kilima kidogo tayari. Nilidhani kilima kikiongezwa hakitalalamika.

Bi. Stroud akafungua dirisha akiwa na kikombe chake. Akauliza, kwa upole kabisa, "Bwana Pomeroy, huko Alaska magari mnayazika lini, kabla ya ibada au baada?"

Kumbe kilima kilikuwa gari lake.

Nikamwambia ni njia ya wazee wa kule, theluji hulikinga gari na upepo. Akasema hakuijua, anashukuru kujifunza, ila saa nne ana miadi kwa msusi. Mara akatokea Corbin Teague, beleshi begani, akapiga mluzi na kulifukua gari huku akiniuliza habari za asubuhi. Eti alikuwa anapita tu. Mtu gani anapita tu na beleshi?

Marva anasema katika mji huu ni kila mtu.

Ijumaa, 17 Januari

Leo kioo cha mbele cha gari letu kilikuwa na barafu nene kama ubao wa kukatia nyama. Marva alikuwa anachelewa kazini. Nikapata wazo. Maji ya moto. Barafu na maji ya moto, mtoto mdogo anajua nani atashinda.

Barafu iliyeyuka vizuri sana. Kioo kikapasuka kutoka kona hadi kona, kwa sauti ya kiungwana.

Marva alifunga skafu akaondoka kwa miguu. Mwanamke akiondoka hivyo, heri angegomba.

Bi. Stroud alipouliza, nilisema ni jiwe limerushwa na lori. Akatazama mtaa mzima. Akasema ajabu, mawe ya Corliss yote yako chini ya theluji hadi mwezi wa tano, hilo moja lazima lilikuwa na shughuli ya haraka. Kisha akaingia ndani. Nikamsikia anacheka kwenye simu. Nafurahi kwamba bibi wa watu ana marafiki wa kumfurahisha.

Jumapili, 19 Januari

Nimebadili mbinu. Kujisifu hakutoshi, lazima adui ashushwe. Nikawaalika Bi. Stroud na Corbin chakula cha mchana. Mpango: maharage na nyama ya kusaga kwa pilipili za kwetu, nilizokuja nazo kwenye mfuko wa soksi. Corbin atalia machozi mbele ya mwenye nyumba. Nani atampangishia mwanaume anayelizwa na bakuli?

Corbin alikula bakuli la kwanza, akasema, "Kaka, hii imenigusa." Akala la pili. Kwenye la tatu akaomba kama zipo pilipili mbichi za kutafunia. Mimi niliishia kwenye kijiko cha nne, nikatoka ngazini kula theluji.

Niliporudi, Bi. Stroud alikuwa ananingoja na swali. Mtu wa Alaska alijifunza wapi kupika pilipili namna hii? Nikasema kwa wafanyabiashara waliokuwa wakipita. Akauliza walipita kwa kitu gani. Nikasema kwa shida. Akauliza nyama ya dubu ina ladha gani. Nikasema kama kuku, ila kuku aliyekasirika.

Corbin akapaliwa. Marva akainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Nahesabu siku ya leo kuwa sare.

Jumanne, 21 Januari

Habari njema. Bi. Stroud ameondoka kwenda Denver kwa daktari wa macho, atalala kwa dada yake. Nyumba kubwa ameniachia mimi. Mimi, si Corbin. Funguo nimepewa mkononi.

Maagizo yake ni machache. Baridi kali inakuja, kwa hiyo bomba la jikoni liachwe likidondoka kidogo, na milango ya kabati chini ya sinki iachwe wazi. Nikaitikia kama mtu aliyezaliwa akiyajua.

Lakini nilipoingia jioni nikalisikia lile bomba. Tone, tone, tone. Mimi nimetoka jangwani. Kwetu mtu anayeacha maji yakimwagika huombewa kanisani. Nikafikiri, bibi amezeeka, na bili ya maji katika mji kama huu haiwezi kuwa mchezo. Nikalifunga bomba, nikakaza. Na kabati nikafunga, nyumba ionekane nadhifu. Atakaporudi ataniita mwanangu.

Jumatano, 22 Januari

Kumbe maji yaliyotulia huganda: bomba la chini limepasuka. Jiko la Bi. Stroud limekuwa uwanja wa kuteleza. Niliingia kwa mlango na kufikia ukutani, nimekaa.

Nikafunga maji kwenye valvu kuu, hilo nalijua. Kisha nikakaa kwenye ngazi ya jikoni nikatafakari mipango. Mpango wa kwanza: kusema palikuwa na tetemeko. Wa pili: kuhama. Wa tatu sikuwa nao.

Corbin akatokea, na beleshi lake. Nilingoja acheke. Hakucheka. Alivua koti zuri akabaki na la kazi, akasema, "Haya mzee, tochi nashika mimi, bomba unalijua wewe. Tuingie."

Tukaingia uvunguni mwa nyumba kwa matumbo. Nafasi ndogo, ardhi kama chuma. Bomba ni bomba, hata kama si la bwawa. Nilikata, nikasafisha, nikaunga. Yeye alishika tochi na kunipulizia vidole vyangu vilipokataa kukunjika.

Ili kupitisha muda nikamuuliza kwao ni wapi. Akasema hapa. Amezaliwa mtaa wa tatu kutoka hapa. Babu yake alichimba madini ya fedha kwenye mlima ambao siku hizi watu wanatelezea. Mama yake aliiuza nyumba kodi ya ardhi ilipomshinda, na sasa ile nyumba ni duka la makoti ya mbwa. Alisema bila uchungu, kama mtu anayeeleza njia. "Chumbani kwangu ndipo wanapowapimia mbwa miguu," akasema. "Wale wakubwa."

Nikaunga kiungo cha mwisho. Tulipofungua maji hayakuvuja hata tone. Corbin akanipiga begani, akasema kazi safi. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo tangu tufike, na nilikuwa nimelala chali kwenye uchafu, nikimwombea adui yangu nyumba. Ilikuwa hali ngeni sana.

Ijumaa, 24 Januari

Bi. Stroud amerudi. Mimi, Marva na Corbin tulikuwa tumekausha jiko, lakini sakafu ilikuwa imevimba kama mkate. Nilimpokea na maelezo tayari. Nikaanza kwamba kule Alaska bomba la kwanza kupasuka katika mwaka huonwa kuwa ni baraka.

Akaniambia, "Keti, Lyle." Ndiyo mara ya kwanza kuniita kwa jina langu la kwanza. Nikaketi.

Akasema anajua mimi ni wa Yuma. Marva alimweleza siku ileile ya kwanza, nilipokuwa nashusha masanduku. Nikamgeukia mke wangu. Alikuwa anatazama dari kwa makini, kama anayetafuta ufa.

"Sasa mbona ulituacha tukae?" nikauliza.

Bi. Stroud akavua miwani yake, akaifuta polepole. Akasema tangu mumewe afariki, jioni zake zilikuwa kuongea na dada yake wa Denver juu ya magoti. Ya huyu, ya yule, la kulia, la kushoto. Tangu mimi nifike hawajayataja. Dada yake humpigia kabla ya chakula, kuuliza mtu wa Alaska leo kafanya nini. Alipofika kule safari hii alimkuta ameita na majirani.

"Gari lilipozikwa nilicheka hadi nikalia," akasema. "Nilikuwa nimesahau kwamba naweza."

Nikaomba radhi, ya kweli. Nikasema sakafu nitaitengeneza, na kwamba vyumba apewe Corbin, yeye ni mwenyeji na mimi ni mwongo. Nilisema hivyo kwa sauti ya juu kidogo, nisije nikaghairi.

Corbin akasema hapana. Mimi nikasema ndiyo. Marva akatukatiza. "Hebu nyamazeni nyote wawili. Bi. Stroud, una vyumba vinne vitupu humu ndani, na huna mtu hata wa kukuokota ukianguka. Mwanaume huyu kazi yake ni kuokota watu walioanguka. Tatizo liko wapi?"

Bi. Stroud akamtazama Corbin, akamuuliza kama anakoroma. Corbin akasema huambiwa hivyo. Akamwambia achague chumba cha mbali.

Kwa hiyo sisi tunabaki juu ya gereji, na Corbin anaingia nyumba kubwa. Nikiangalia nyuma, naona mipango yangu yote imefanikiwa. Nimemwambia Marva hivyo. Amezima taa.

Jumapili, 26 Januari

Tumemhamisha Corbin. Vitu vyake vyote viliingia kwa safari moja. Bi. Stroud alipika nyama ya kondoo, tukala tukiwa tumevaa mabuti ya theluji kwa sababu ya sakafu iliyobenuka.

Mimi nimekwisha badilika. Kuanzia sasa ni ukweli mtupu. Nilimwambia hivyo kila mtu mezani, na mchana nikaenda mkahawani kwa moyo mweupe.

Pale nikakutana na mwenyekiti wa sherehe za majira ya baridi, bwana mmoja mwenye huzuni. Wana mashindano barabara kuu: farasi anakimbia, mtu nyuma yake ameshika kamba, miguuni ana mbao za kutelezea, wanaruka vilima vitatu. Mshindani wao mmoja ameumia nyonga. Akauliza kama kuna yeyote pale mwenye uzoefu.

Watu wote walitazama vikombe vyao. Ilikuwa fedheha. Mtu anahitaji msaada, mji mzima kimya. Nikajisikia nasema kwamba bila shaka, kwetu sisi tulifundishwa mchezo huo kabla ya kusoma, na kwamba niliacha tu kwa kuwa nilikuwa nashinda sana na watu wakaanza kununa.

Alinikumbatia. Ni Jumamosi ijayo. Namba yangu ni saba. Sijawahi kumgusa farasi, lakini ukiufikiria vizuri mchezo wenyewe, kazi yote anaifanya yeye.

Marva ameipokea habari vizuri kuliko nilivyotarajia. Hakugomba hata kidogo. Ameinua simu na kubadilisha zamu, ili Jumamosi awe zahanati kutwa nzima. Nimesikitika. Nilidhani angependa kuja kunitazama.