Mstari Wangu Unashuka, Mama Anakuja

Ijumaa, 4 Machi 1983
Jana mstari umeshuka tena! Wiki ya tatu mfululizo. Kila Alhamisi, saa nane kamili mchana, sisi watumishi wa dini ya Sayantolojia tunachora mstari wa takwimu zetu. Yangu ni hesabu ya watu niliowatoa barabarani wakaingia kufanya jaribio la tabia. Wanne. Mmoja alikuwa anatafuta choo.

Corliss Bain, tunayegawana naye kipande cha barabara hapa Hollywood, kaleta thelathini na mmoja. Afande Yarborough (ni mwanamke, lakini wote tunamwita afande) kasema niko katika hali ya Dharura. Nikishuka mara ya nne, nafasi yangu ya kusomea ukaguzi wa roho anapewa Corliss. Nafasi niliyoingojea miaka miwili! Mimi, roho isiyokufa, mwenye mamilioni ya miaka nyuma yangu, nishindwe na msichana wa viatu vyekundu?

Jumapili, 6 Machi
Mama kapiga simu. Anakuja kesho jioni kwa basi kutoka kwetu Fresno. Balaa! Nilimwandikia kwamba mimi ni mkurugenzi. Mpango: kuazima koti, kumpokea kituoni, kumpeleka moja kwa moja ufukweni. Barabara yetu asiione hata kwa mbali.

Jumatatu, 7 Machi
Mvua. Mama kapanda basi la mapema. Kanikuta namkimbiza mzee mmoja, karatasi zangu zimelowa chapachapa. Akauliza kama wakurugenzi wa huku wote hukimbia hivyo. Nikasema nakagua barabara. Akasema ndiyo, naona umeikagua mpaka soksi.

Hapo akili ikanijia. Mama naye ni mtu! Anahesabika! Nikaenda kumnunulia kahawa kwanza, adabu ni adabu. Kurudi, Corliss keshamwingiza ndani. Mwizi! Maswali mia mbili, mama kayajibu yote. Corliss akamsomea matokeo: ana wasiwasi mkubwa juu ya mtu mmoja wa karibu. Mama akasema, "Umepatia, binti yangu. Ndiye yule pale mwenye kahawa."

Jumanne, 8 Machi
Nimeandika ripoti kwamba Corliss ni mtu kandamizi, yaani wale wanaowakwamisha wenzao, na kwamba uovu wake ndio unaofukuza wapita njia wangu. Nikataja siku tatu kama ushahidi. Afande kanirudishia. Siku zote tatu Corliss alikuwa kitandani na homa.

Adhabu yangu: nimeosha masufuria hadi jioni. Mama kasaidia kukausha.

Jumatano, 9 Machi
Leo nilitaka kumwonyesha Afande kwamba nafaa kuwa mkaguzi. Zoezi la kukaa kimya: unaketi umemkabili mwenzako, anakuchokoza apendavyo, nawe hucheki, hutikisiki. Corliss kanitukana nusu saa. Mimi jiwe! Mama, aliyekuwa mgeni mtazamaji, akaomba kujaribu. Akaniinamia, akasema polepole, "Wendell, yule kuku uliyemuoa ukiwa na miaka sita alikufa akikungoja."

Nikacheka mpaka nikaanguka na kiti. Halafu, sijui ilikuwaje, nikalia.

Mama akakalia kiti changu. Kwa saa mbili nzima, hakuna aliyemtikisa. Afande akauliza alijifunzia wapi. Akasema aliishi na baba yangu miaka thelathini.

Alhamisi, 10 Machi
Hadi saa sita nina watatu. Watatu! Mara mlango wa duka la donati ukafunguka, mama akatoka na wajane kumi na tisa wa basi la watalii. Hakuwa amewaambia neno juu ya roho wala Daraja la kupandia kwenye uhuru. Aliwauliza tu magoti yao yanaendeleaje. Wakaingia wote. Nilicheza barabarani.

Saa nane kasoro kumi, fomu zikahesabiwa. Kuna mstari unaouliza nani amekuleta. Wote kumi na tisa wameandika: Verna. Ndilo jina la mama.

Mimi nikaandikiwa watatu. Mama akapigiwa makofi, akapewa na kazi. Akakataa, ana mizabibu ya kufunga. Nafasi yangu kapewa Corliss. Hakunicheka, ndilo lililoniuma zaidi.

Jioni mama kaninyooshea tiketi. Alinunua mbili. "Chumba chako kipo, mwanangu. Godoro nimelianika kabla sijaondoka." Nimefunga begi.

Ijumaa, 11 Machi
Kituo cha mabasi, asubuhi. Kweli nilikuwa naenda! Mama akapanda kwanza, akanishikia kiti cha dirishani. Nikampa dereva begi alipakie, nikageuka, nikauona ukumbi wa abiria. Watu kama mia mbili! Wameketi! Wana mizigo, hawawezi kukimbia! Na Corliss hayupo!

Nikasema mmoja tu. Baharia mmoja akanisikiliza mpaka mwisho. Haijawahi kutokea. Nikasema basi, wa pili, kisha napanda. Nilimwona mama akigonga kioo kwa nguvu, nikampungia mkono. Nilidhani ananipongeza.

Basi limeondoka na begi langu. Si neno. Tiketi ninayo mkononi, na nyuma yake nimeandika majina saba. Saba, na wiki haijatimiza hata siku moja! Nikibana mwandiko, yataenea kumi na mawili.