Kanyaga Pedeli Zote

Jumatatu, 4 Novemba

Kama si mimi, nusu ya jimbo la Wisconsin ingekuwa inakula imesimama. Nasema hivyo bila majivuno. Mimi, Verlyn Tollefsrud, fundi wa mbao, mtaa mzima unaniita Mjomba. Jaji mmoja, simtaji jina, aliwahi kukalia kigoda changu na hakutaka kuinuka. (Gundi ilikuwa mbichi. Jambo la pembeni hilo.)

Leo vita nyumbani. Mke wangu Marlys kasema theluji ya kwanza ikidondoka, gari lake lilale gerejini. Anatoka alfajiri kwenda kuoka mikate, na kipupwe kilichopita alikwangua barafu kwenye kioo kwa mwiko wa keki. Mwiko ukakatika. Hajausahau.

Nikamweleza kwa upole kwamba gereji imejaa mashine zangu za umeme za kupasulia mbao. Kuna msumeno wa mkanda, na kuna msumeno wa meza, chuma kitupu, mkubwa kama madhabahu. Akasema basi huo mkubwa uhamie kwa kaka yake Delmar, ng'ambo ya barabara. Delmar kashafagia mahali pa kuuweka!

Msumeno wangu! Afadhali achukue figo.

Jumanne, 5 Novemba

Nimepata dawa. Vitako vya magurudumu! Unaiweka mashine juu ya kitako, unaisukuma hadi ukutani, gari linaingia. Wazo langu mwenyewe, ingawa dunia nzima inalo.

Nikamtangazia Marlys kwamba nanunua vitako viwili. Akasema humu ndani kipo kimoja tayari, na tangu mechi ya Jumapili ianze hakijasogea kutoka kwenye kochi. Mtu mkubwa hajibu.

Dukani kichwa kikavurugika. Kuna kitako cha kipimo kimoja. Kuna cha mikono inayorefuka. Kuna kingine unauziwa pembe nne tu, mbao utafute mwenyewe. Magurudumu matatu, magurudumu manne, mawili yanazunguka na mawili hayataki. Yule dada wa kaunta akaniuliza msumeno una uzito gani. Nikasema kama ng'ombe. Akauliza, bila hata kucheka, ng'ombe mkubwa wa Holstein au mdogo wa Jersey? Kumbe kwao wanafuga. Ningesema Jersey ndiyo ingekuwa kweli. Lakini nyuma yangu palikuwa na wanaume kwenye foleni. Nikasema Holstein. Dume.

Akaniletea kitako cha kubebea kanisa.

Jumatano, 6 Novemba

Aibu. Hapana, si aibu. Tofauti ya maoni.

Nilipima msumeno vizuri sana, upande hadi upande, juu, kwenye meza yake. Hakuna aliyeniambia kwamba kitako kinavaliwa chini, miguuni, na kwamba miguu ya msumeno ni myembamba kuliko meza. Tukauinua mimi na Delmar, tukaushusha. Ukazama humo kama njegere ndani ya beseni la kuogea.

Delmar akaangua kicheko. Akaniambia, shemeji, wewe ukienda kununua viatu unapimwa mabega? Nikamjibu kwamba nimeacha nafasi makusudi, chuma kinahitaji kupumua. Akasema kwake kitapumua vizuri zaidi, ana madirisha mawili. Huku anaupapasa msumeno wangu shavuni!

Alhamisi, 7 Novemba

Nimerudisha kitako cha kanisa, nimechukua vingine viwili. Cha msumeno wa mkanda na cha msumeno wa meza. Kila kimoja kina pedeli. Hapo ndipo dunia ilipogeuka.

Yule dada alinieleza taratibu. Hiki kimoja, ukikanyaga pedeli, gurudumu linafungwa, mashine haitoki. Hiki kingine, ukikanyaga pedeli, gurudumu linashuka, mashine inainuka, inatembea. Ukitaka itulie unainua pedeli kwa ncha ya kiatu. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia nimeelewa. Njiani vikachanganyikana kichwani kama supu. Hiki kufunga ni kukanyaga, au kile kukanyaga ni kutembea?

Lakini mimi si mtu wa kushindwa na pedeli. Nimetunga sheria moja: ukimaliza kazi, kanyaga zote. Rahisi. Ulimwengu mzima, breki inakanyagwa. Nani amewahi kusimamisha gari kwa kuinua mguu?

Marlys akapita akauliza kama nimekumbuka kwamba sakafu ya gereji inateremkia mlangoni ili maji ya theluji yatoke. Nikamwambia msumeno si maji.

Ijumaa, 8 Novemba

Wizi!

Asubuhi nimekuta msumeno wa meza umesogea mwenyewe hadi mlangoni, umeuegemea kama mlevi anayesubiri baa ifunguliwe. Jana niliuacha ukutani. Pedeli nilikanyaga, naapa. Ule wa mkanda haukusogea hata kidogo. Basi ni nani anayetaka huu mmoja tu na kuuacha mwingine? Jibu linakaa ng'ambo ya barabara na limefagia mahali.

Jioni tukaenda kula samaki wa kukaanga kama kila Ijumaa, mtaa mzima ukumbini. Nikasimama na kipande cha samaki mkononi nikamtaja Delmar mbele ya watu. Akanitazama. Akasema, shemeji, msumeno ule nimeuinua nawe juzi, mgongo wangu mpaka sasa unaita mama. Niuibe usiku peke yangu kwa nguvu za nani? Watu wakacheka, na Marlys akacheka kuliko wote. Nikapandwa na hasira. Nikatamka kwa sauti kwamba theluji ya kwanza ikidondoka na gari la Marlys likalala nje, msumeno ni wa Delmar moja kwa moja. Nikampa mkono. Mashahidi ukumbi mzima.

Sijui kwa nini nilisema vile. Samaki alikuwa na chumvi nyingi.

Jumamosi, 9 Novemba

Jana kabla ya kulala nilitega mtego. Nilikanyaga pedeli zote, mara mbili mbili, kisha nikarudi kinyumenyume nikinyunyiza sakafuni mfuko mzima wa unga wa Marlys, mwizi aache nyayo.

Asubuhi msumeno uko mlangoni tena! Kwenye unga kuna mistari ya magurudumu, imenyooka vizuri. Nyayo hakuna. Hata moja!

Nimekaa na jambo hili tangu chai ya asubuhi. Nimefikia hili: Delmar anaingia, anapanda juu ya msumeno, anauendesha akiwa amekaa. Nilimdharau mno yule mtu.

Marlys kauliza unga wake uko wapi. Nimemwambia ni ushahidi.

Jumapili, 10 Novemba

Theluji! Imeanza tukitoka kanisani, matonge kama pamba. Delmar kasimama barazani kwake, mikono kifuani, anatabasamu kama bwana harusi.

Nikakimbia gerejini. Nikasukuma misumeno yote miwili ukutani, nafasi ya gari ikapatikana, pana, safi. Nikakanyaga pedeli zote kwa kishindo, Delmar asikie. Marlys yuko chini barabarani, ndani ya gari, injini inanguruma. Nikafungua mlango mkubwa wa gereji kama mfalme.

Msumeno wa meza ukanipita.

Haukukimbia. Ulitembea, polepole, kwa heshima. Ukatoka mlangoni, ukashika mteremko, ukaongeza mwendo. Nikaukumbatia. Ukanichukua. Marlys akapanda nyasi na gari lake kuupisha. Nami nateleza nyuma ya chuma, viatu vya kanisani miguuni, napiga kelele simama, simama, kama unasikia. Ukavuka barabara. Ukaingia kwa Delmar. Ukasimama ndani ya gereji yake, mahali palepale alipopafagia.

Delmar akasema, karibu mgeni.

Marlys akaingiza gari lake gerejini kwetu bila taabu, nafasi ilikuwa tele. Kisha akavuka kwa miguu, akainua pedeli kwa ncha ya kiatu. Msumeno ukakaa kitako, tuli. Akanitazama. Akakung'uta theluji kiatuni, akarudi nyumbani.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimeshinda. Gari liko ndani, theluji iko nje, kwa hiyo msumeno bado ni wangu. Delmar mwenyewe kakubali. Ila njia ya kwetu ni ya kupanda na imejaa barafu, kwa hiyo nimemwazima hadi majira ya joto. Ukarimu wangu unajulikana. Pedeli ile ina kasoro ya kiwandani, nitawaandikia. Na nimeagiza kitako kingine, cha friji. Nimepima mlango wake vizuri, juu.

Delmar ameuwasha tangu asubuhi. Unanguruma hadi huku. Kaja kuniuliza, kwa adabu kabisa, mbona waya wa umeme alioukuta ulikuwa bado umefungwa kwa uzi wa dukani. Nikamwambia ndivyo mafundi wakubwa tunavyotunza waya.

Nimefunga dirisha. Ukweli ni kwamba sijawahi kuuwasha. Ile sauti naiogopa.