Rudisheni Uwanja, Mchukueni Thobias

Bi Leokadia Mwanjala,
Ghorofa ya kumi na moja,
Etobicoke, Toronto.

Juni 2013

Kwa Mheshimiwa Diwani wa kata yetu,

YAH: KUREJESHWA KWA UWANJA WA BESIBOLI WA HARTWICK, AU KUCHUKULIWA KWA MUME WANGU

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi si mzima sana, ndiyo maana naandika.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu tangazo lililobandikwa kwenye ukuta wa uwanja kabla ya kubomolewa mwaka juzi lilisema mwananchi anaweza kutoa maoni kwa lugha yake. Kiswahili hakikuwamo kwenye orodha, lakini sikuona palipoandikwa kwamba kimekatazwa. Binti yangu Gift ameahidi kutafsiri. Kiswahili anakielewa chote, ila hujibu kwa Kiingereza, na ana tabia ya kuyalainisha maneno yangu yanapopita kwake. Kwa hiyo ukifika mahali ukaona nimekuwa mpole, ujue hapo si mimi.

Najua utauliza kwa nini malalamiko haya yaletwe na mwanamke ambaye hata mechi moja hajawahi kuielewa. Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, na mfiwa ni mimi. Ule uwanja ulikuwa unanisaidia kazi. Sababu zangu ni hizi:

1. Mmemrudisha mume wangu nyumbani bila notisi. Tangu tuhamie mtaa huu, kila Jumatano jioni na kila Jumamosi ya majira ya joto Thobias alikuwa uwanjani. Mwezi wa tano nilikuwa nawakabidhi mtu mzima, mwezi wa tisa mnanirudishia mtu mzima, ameungua jua, amefurahi, na mifuko imejaa maganda ya mbegu za alizeti. Ndoa yetu ilisimama juu ya utaratibu huo. Hata mwenye nyumba akitaka kukutoa hukupa muda ukajiandaa. Mimi mlinipa mume mchana kweupe, na kofia yake.

Mambo yangekuwa nafuu kama angekuwa bado kazini, lakini mgongo ulimstaafisha kutoka kwenye mizigo ya uwanja wa ndege kule Malton. Sasa anakaa kwenye kochi linalotazama jiko na kunitangaza. "Leokadia anachukua kitunguu. Anakitazama. Anakirudisha. Watu hawaamini macho yao." Nikiunguza wali anainuka, anavuta suruali, ananyoosha kidole gumba begani kama refa wa besiboli kuonyesha kwamba nimetolewa. Juzi kaka yake alipiga simu kutoka Singida kuuliza hali ya mgongo, akapewa matokeo ya mboga.

2. Mmemharibia jina kijana wa watu, Erick wa kanisani kwetu, aliyekuwa akichezea timu ya uwanja ule. Labda hujui, maana madiwani nasikia hupewa tiketi ila hawaendi: kwenye besiboli mchezaji aliyesimama kituo kimoja akakimbilia kingine wakati mrushaji amezubaa, husemwa ameiba. Si kosa. Anapigiwa makofi. Mimi shuleni nilicheza rede, nikafundishwa kukwepa mpira, kwa hiyo mchezo wa watu wanaousubiri mpira uwajie usoni sikuwahi kuutilia maanani. Lakini Thobias aliutilia maanani kwa ajili yetu sote. Siku moja kwenye ibada ya Kiswahili, wakati wa matangazo, alisimama akasema Bwana asifiwe, kijana wetu Erick jana ameiba mara tatu mbele ya umati na hakukamatwa hata mara moja.

Mchungaji alifumba macho akaongoza maombi ya toba. Shangazi yake Erick, dada Bosibori, ambaye ni nesi na ni Mkenya wa msimamo, hakungoja baraka. Alitukamata kwenye maegesho akasema, "Nyinyi watu wa Tanzania, mnaeza aje kucheza na jina ya mtoto wa wenyewe hivyo?" Tukamsihi. Tukamwahidi Jumamosi tutampeleka uwanjani aushuhudie wizi huo kwa macho yake, na juisi tutamnunulia.

Jumamosi tukafika tukakuta matingatinga, maana lile tangazo halikutaja siku. Dada Bosibori alitazama kifusi, akatutazama sisi, akasema kumbe hata ushahidi tumeuvunja. Mpaka leo Erick haruhusiwi kupitisha kikapu cha sadaka. Ana digrii.

3. Mtaa umebadilika mpaka haunijui. Duka la Ghulamabbas, lililokuwa mkabala na lango la uwanja, na ambamo ungepata mihogo, mchele na habari za kila mtu kutoka Tanga hadi Mombasa, sasa ni mahali mbwa wanapoogeshwa kwa miadi. Sina ugomvi na mbwa. Lakini niliingia kwa mazoea, mfuko mkononi, nikaulizia ndizi mbichi, na yule binti kwa adabu kabisa akaniuliza wangu ni wa aina gani.

Pale uwanja ulipokuwa pamesimama maghorofa ya vioo, nayo yamepewa jina la uwanja. Kibao kinasema wanaienzi historia. Mheshimiwa, hiyo ni sawa na mtu kumchinja mbuzi wako, kisha akampa mwanawe jina la mbuzi huyo na kukualika kwenye ubatizo.

4. Hapa namwomba Gift asilainishe kitu.

Mama mkwe wangu alifariki Singida mwaka 2006. Thobias hakuweza kwenda kuzika. Makaratasi yake yalikuwa mezani kwa mtu, na angetoka nchini asingejua kama angeruhusiwa kurudi. Aliwahi kunieleza kwamba shabaha ya besiboli yote ni mtu atoke nyumbani, azunguke, arudi nyumbani, na wengi huachwa kituo cha tatu wakipatazama kwa macho. Siku habari ya msiba ilipofika alikaa kwenye kochi hilohilo na simu mkononi, na hakulia.

Watu wakaanza kuja, na masufuria yao. Kwetu mfiwa haachwi peke yake. Lakini nyumba yetu ni vyumba viwili, viatu vikajaa korido mpaka kwenye lifti, jirani akalalamika, na mwangalizi wa jengo akapanda kutuambia, kwa huruma, kwamba mkusanyiko ule umepita kiasi. Ghulamabbas ndiye aliyepata akili. Alisema mtaa huu una viti vya mbao vya kutosha kijiji kizima, vina paa, vina choo, na Jumamosi kiingilio ni bure.

Tukahamishia matanga uwanjani. Wanawake kanga mbili mbili, pilau chini ya viti, Waislamu na Wakristo safu moja. Mtangazaji akatuona tulivyo wengi, akadhani sisi ni mashabiki wa timu ngeni kutoka Hamilton, akatukaribisha kwa kipaza sauti. Tukapunga mikono, maana kukaribishwa ni kukaribishwa. Thobias tulimweka katikati, safu ya nne. Mchezo tusiouelewa ukaendelea, mpaka kijana mmoja akaupiga mpira ukapita juu ya uzio na kupotelea kwenye reli. Uwanja mzima ukasimama ukipiga kelele. Thobias naye akasimama, akapiga kelele, na ndani ya kelele hiyo ndipo kilio kikatoka. Alimlilia mama yake pale, kwa sauti yote aliyokuwa nayo, na hakuna aliyemwambia apunguze.

Mzee mmoja wa safu ya mbele yetu, wala jina lake sikulijua, aligeuka akamuuliza Ghulamabbas kuna nini. Akaambiwa. Akavua kofia. Wa pembeni yake akamwona, akavua. Safu nzima ikavua, bila kuambizana, na wakakaa hivyo vichwa wazi mpaka zamu ile ya kupiga ikaisha, jua likiwachoma vipara.

Kaburi lenyewe liko Singida na mpaka leo hatujaliona. Tulilokuwa nalo ni lile la safu ya nne. Alipokuwa akienda pale Jumatano na Jumamosi, mimi nilijua anaenda wapi. Sasa pale chini kuna maegesho ya magari, na mlinzi anauliza namba ya nyumba.

5. Kwa hayo yote naomba moja kati ya haya. Uwanja ujengwe upya, kwa mbao zilezile, na milio yake. Ikishindikana, ofisi yako imchukue Thobias kila Jumatano na Jumamosi, aketishwe mahali anapoweza kuwaona watu wakifanya kazi. Hataki mshahara. Pia naomba dada Bosibori aandikiwe barua yenye mhuri kwamba wizi wa Erick ulikuwa halali. Mwisho, kila ghorofa jipya litenge ukumbi wa matanga, maana hata mimi sitaishi milele, na watakaonililia ni wengi na hawajui kulia polepole.

Naishia hapa, si kwa kuwa nimemaliza, bali kwa kuwa Thobias amesimama nyuma yangu na anatangaza ninavyoandika. Nisalimie mkeo au mumeo, watoto, karani wako wa mapokezi ambaye sasa ananijua kwa sauti, na dereva wa tingatinga, ambaye naye alitumwa tu.

Wako katika manung'uniko na heshima,

Leokadia Mwanjala

Nyongeza: Barua hii imekaa wiki mbili ikimngoja Gift amalize mitihani, na katika muda huo Thobias amegundua uwanja mwingine wa besiboli, mwisho kabisa wa mji, treni moja na mabasi mawili. Jumamosi ya kwanza alikwenda peke yake. Nilipata kila nilichokuomba. Nilikunywa chai bila maoni ya mtu, na kufikia saa saba mchana nilikuwa nasugua oveni ambayo haikuwa chafu. Jumamosi ya pili nikamwambia natafuta ndizi mbichi upande huo. Hakucheka, kwenye treni alisogeza mkoba wake tu nikakaa dirishani. Tangu tupande treni mpaka tunashuka basi la mwisho alinisimulia habari za mama yake, jinsi alivyokuwa akiimba akipepeta ulezi, jinsi alivyomchapa kisha akamficha ili baba yake asimchape tena, mambo ambayo katika ndoa yetu yote sijawahi kuyasikia. Tulikuta mechi imefika katikati na hakuna aliyejali. Wakati wa kurudi aliendelea, akalia kidogo, nikamshika mkono. Kwa hiyo, Mheshimiwa, nakuomba usijenge. Ukijenga hapa karibu tutafika upesi mno.