Mashine Inayoona kwa Maji

Kwa furaha isiyo na bajeti, Kamati ya Wilaya ya Kuuona Mwili Bila Kuupasua inautangazia umma kwamba Newala sasa inatazamika. Tumepokea kutoka ng'ambo mashine ya majaribio, ipigayo picha za ndani ya titi kwa mawimbi yaleyale yapashayo pilau katika majiko ya umeme ya wakubwa, ila haya yamepunguzwa makali. Mgonjwa hulala kifudifudi, titi likazama kwenye beseni la maji, mawimbi yakapita humo. Pasipo maji, mashine ni kipofu.

Wenye chuki watauliza: maji, Newala? Hao ni walewale wanaokumbuka kwamba mwaka sabini na nne tulihamishiwa vijijini, tukaambiwa bomba linafuata. Bomba linafuata. Huu ni mwaka wa ishirini na tatu tu.

Baada ya vikao vinne, Kamati iliazimia kwamba, kwa moyo wa uchangiaji, kila mgonjwa aje na ndoo zake mbili. Pipa la Kamati likapigwa lakiri, likawa maji ya itifaki.

Siku hiyohiyo alifika Bimdogo, mama yake Rahima, na ndoo mbili alizozipandisha kutoka bondeni. Titini alikuwa na uvimbe kama korosho.

"Shikamoo Mwenyekiti. Naomba kutazamwa."

"Marahaba, Mama Rahima. Mashine haijazinduliwa. Huo uvimbe nao usubiri."

"Baba, nimeuambia. Kiswahili hausikii."

Mimi, katibu, nikaandika barua kuuomba uvimbe ustahimili wiki tatu. Nikagonga muhuri.

Siku ya uzinduzi pipa lilikutwa tupu. Maji ya itifaki yalikuwa yameosha gari la mgeni rasmi, maana vumbi halina adabu. Lakini ratiba ilisema saa nne na dakika kumi ni "Kuona", na Mwenyekiti Halfani si mtu wa kuiaibisha ratiba. Alikitia kichwa chake ndani ya beseni kavu.

"Mheshimiwa, bila maji itaona hewa," fundi Yohana alinong'ona.

"Washa!"

Yohana akawasha. Ratiba ilimtaka asome matokeo kwenye kipaza sauti, akasoma: "Kichwa cha Mwenyekiti. Hewa tupu."

Vigelegele vililipuka hata mgeni rasmi akasimama kupunga mkono. Sikuzani, aliyekuja na jirani yake Bimdogo na wanawake wenzao wenye ndoo, akashusha yake kichwani.

"Lala, shoga. Haya ya kwetu yataona."

Wanawake wakamimina. Picha ikatoka na doa, dogo, upande wa kushoto. Yohana akaandika rufaa ya hospitali ya Ndanda papo hapo, bila kikao. Madaktari wa huko wakaukata uvimbe. Msimu huu Bimdogo anapalilia muhogo.

Kamati ikapiga marufuku kicheko, lakini vyama sasa ni vingi. Wapinzani walibandika majibu ya Mwenyekiti kwenye kila mkorosho. Akadai apimwe upya. Yohana akamjibu kwa maandishi: hakuna kizuizi, aje na ndoo zake mbili kwa mujibu wa azimio.

Jumatatu nilimkuta Mwenyekiti bondeni kisimani, tai shingoni, nyuma ya wanawake thelathini.

"Mwanangu, nipishe," alimwambia Sikuzani. "Naenda kupimwa."

"Pole, baba. Unaumwa nini?"

"Mimi? Sina kitu!"

"Tulisikia," akasema Sikuzani, akaendelea kuchota.