Mgongo Wangu na Barua ya Chuo

Jumamosi, 7 Septemba

Barua imefika. Binti yangu amepata nafasi chuo kikuu. Miaka minne. Sayansi ya Udongo! Nimeisoma mara tatu nikidhani nimeruka neno. Udongo. Tunao tele nyuma ya karakana, na sijawahi kusikia mtu umemshinda.

Mke wangu alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Mama yangu, anayeishi nasi na husikia anachotaka kusikia tu, alishukuru Mungu kisha akauliza chai iko wapi. Shemeji naye akaja mbio. Huyu ni kaka wa mke wangu, mwalimu. Shahada yake ameitundika sebuleni kwake juu ya televisheni, ili mtu akitazama taarifa ya habari aitazame na yenyewe. Akaniambia hatimaye ukoo utapata msomi wa pili. Sikumuuliza wa kwanza ni nani. Sitampa raha hiyo.

Mimi hujalidi vitabu. Baba yangu alikuwa fundi kabla yangu, meza ileile, dirisha lilelile. Tasnifu za wanafunzi, rejista za shule, vitabu vya sala vilivyochoka. Wanafunzi huniletea makaratasi yasiyoshikana, nami huwarudishia kitu chenye mgongo imara na herufi za dhahabu. Elimu ya watu wengi imepita mikononi mwangu. Imepita tu, haikukaa.

Binti alianza kuja karakanani ana miaka mitano. Alikaa chini ya meza ya kukatia, akaokota vipande vya karatasi na kuvishona viwe vitabu vya ukubwa wa kidole gumba. Akavipanga kwenye kiberiti kitupu, akasema ni maktaba. Alipofika miaka kumi na mbili, mshono wake ulinyooka kuliko wangu. Sikumwambia. Nilitoka nje nikajifanya napiga chafya.

Anatakiwa kuthibitisha nafasi kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. La sivyo, anaanza kazi na mimi. Anasema hajaamua. Anapenda udongo, lakini anapenda gundi pia.

Nimempongeza. Nimetabasamu mpaka mashavu yameuma. Moyoni nimeshaamua kwamba ataamua kubaki.

Jumatatu, 9 Septemba

Hila ya kwanza. Nilitangaza kwamba tumepata kazi kubwa ya haraka. Mteja mheshimiwa, vitabu kumi na sita, majalada yote yamekufa. Sikusema kwamba mteja ni mimi.

Jana mchana, wenzangu wa nyumbani walipokwenda kumtembelea shangazi, nilitoa vitabu vyangu kabatini nikavichuna majalada kimoja kimoja. Roho iliniuma. Kimoja alikijalidi marehemu baba. Nikakirudisha kabatini. Nikahesabu: kumi na tano. Nilikuwa nimeshamwambia mke wangu kumi na sita! Nikakitoa tena. Nisamehe, baba.

Lengo: binti aone kazi ilivyo nyingi na baba alivyo mmoja. Nilitarajia tuhangaike wiki nzima.

Lakini siku yenyewe! Redio ikiimba taratibu, gundi ikichemka kwenye kisufuria, yeye upande ule na mimi upande huu. Mimi nakunja, yeye anashona. Hakuna aliyemwambia mwenzake nipe hiki wala nipe kile. Mkono ulienda, kitu kilikuwepo. Ndivyo nilivyokuwa na baba. Nilisahau kabisa kwamba ni hila. Nilianza hata kumheshimu yule mteja.

Saa tisa alasiri alikuwa amemaliza vitabu kumi na kimoja. Akakamata cha kumi na mbili, akafungua ukurasa wa mwisho.

"Baba, huyu mbuzi nilimchora mimi."

Nikamwambia watoto wengi huchora mbuzi.

"Chini yake nimeandika 'Baba'."

Nikasema hata mteja ni baba wa mtu.

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Hakuuliza zaidi. Akavimalizia vyote, hata kile cha babu yake, kwa upole kana kwamba anafunga kidonda. Kabati langu halijawahi kupendeza namna hii. Hila imekufa.

Jumanne, 10 Septemba

Hila ya pili, hii ya kisomi. Nimemwalika Mwanafalsafa chakula cha mchana. Ndivyo ninavyomwita. Alisomea falsafa, na miaka tisa iliyopita nilimjalidia tasnifu yake, kurasa mia mbili na kumi kuhusu ukimya. Leo anauza viatu karibu na kituo cha mabasi. Nilimwomba pembeni amweleze binti hali halisi ya maisha baada ya shahada. Asifiche kitu.

Alianza vizuri mno. Barua za maombi zisizojibiwa. Ofisi zilizomwambia arudi Jumatatu, Jumatatu yenyewe haikutajwa tarehe. Nilikuwa namwongezea mchuzi.

Ndipo mke wangu akamuuliza chuoni kulikuwaje.

Maskini mimi. Macho yake yaliwaka kama taa. Akatueleza dirisha la maktaba alikokaa miaka mitatu, kiti kilekile. Akamtaja mhadhiri mmoja mzee aliyekuwa akiuliza swali kisha anakaa kimya dakika kumi nzima, mpaka mtu mmoja darasani apate ujasiri wa kufikiri. Marafiki sita walikuwa na koti moja la heshima, wakilivaa kwa zamu. Alisema hata leo akiwa amepiga goti anamfunga mteja kamba za kiatu, kichwa chake kina pa kwenda.

Mke wangu alilia. Mama alilia, ingawa nadhani hakusikia. Mimi nilikwenda kuchota maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Binti akamuuliza kama angeambiwa aanze upya, angekwenda tena?

"Kesho asubuhi," akasema. "Hata pekupeku."

Muuza viatu ndiye anasema hayo!

Shemeji, ambaye hakualikwa lakini alikuwepo, alinishika mkono kwa mikono miwili. Akasema hakujua kama nina busara ya kumletea mtoto mfano hai. Mwanafalsafa aliondoka baada ya kuniuzia viatu. Vinabana.

Jumatano, 11 Septemba

Imebaki njia moja. Mgongo.

Niliamka nikiwa nimepinda. Nilifika karakanani nikishika ukuta. Nilipoinama kuokota rula nikatoa mlio ambao niliufanyia mazoezi bafuni. Binti aliacha sindano akanikimbilia. Nikamwambia ni uzee tu, asijali, afikirie maisha yake. Nikaongeza kwamba vitu vizito nitavinyanyua polepole, peke yangu, hata ikichukua siku nzima. Hapo nikatulia. Fundi mzuri anajua lini aache kupaka gundi.

Jioni alikuja akakaa pembeni ya godoro langu.

"Nitabaki, baba. Udongo upo tu, utanisubiri."

Nimeshinda! Nimeshinda bila hata kuinuka. Mke wangu alitoka chumbani akaenda zake.

Nimeletewa chakula kitandani, nyama nzuri, na hakipiti. Najiuliza kwa nini. Binti ametoka akitabasamu, lakini ile barua ameikunja mara nne akaitia mfukoni. Yeye hakunji karatasi ovyo. Nilimfundisha mwenyewe.

Nimekumbuka nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Nilipata barua kama yake. Nilikuwa nikasomee historia. Mwezi uleule baba akapata kikohozi kibaya, kikamshika kifuani, akawa mtu asiyeweza kunyanyua hata rimu ya karatasi. Basi nikabaki. Nilimwambia historia ni mambo yaliyokwisha kutokea, hayana haraka.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimelala, naugua. Mama akaja na ungo wake wa maharage, akakaa mlangoni anachambua.

"Unaumwa upande gani, mwanangu?"

Nikasema wa kulia.

"Jana ulikuwa wa kushoto."

Nikasema maumivu yanatembea.

"Hata kifua cha baba yako kilikuwa kinatembea," akasema. Akatupa jiwe moja uani. "Ulipopata barua yako. Akakohoa mwezi mzima. Siku uliyosema unabaki, kikohozi kikapungua. Siku ya tatu akaenda kunyoa nywele, anaimba."

Nilikaa wima, mgongo na yote.

"Mama! Ulijua?"

"Dawa si nilikuwa naichemsha mimi? Alikuwa anaimwaga dirishani. Ua langu likafa."

"Mbona hukuniambia?"

Alichambua maharage kwa muda. Nilidhani hakusikia.

"Na mimi nilitaka ubaki," akasema.

Akaondoka na ungo wake.

Nimejaribu kumkasirikia baba. Nimejaribu tangu saa nne asubuhi. Kila nikianza, namwona alivyokuwa akinisubiri mlangoni na funguo mkononi, hafungui mpaka nifike, ili tuingie pamoja. Miaka ishirini na sita hakuwahi kuingia kwanza. Namwona akinusa karatasi mpya na kunipa nami ninuse, kama mtu anayegawana tunda. Mzee yule aliniibia kitu, halafu akanipa kila kingine alichokuwa nacho.

Siwezi kusema nimeishi vibaya. Lakini tasnifu za historia huzijalidi polepole kuliko nyingine. Huzisoma. Wateja hulalamika.

Binti ataondoka. Hilo limekwisha. Ila kukiri kwamba mgongo ulikuwa wa uongo, mimi, baba mzima? Haiwezekani. Kesho nitapona kwa muujiza.

Ijumaa, 13 Septemba

Siku ya aibu.

Mpango ulikuwa rahisi. Saa tisa alasiri niingie karakanani natembea kama kijana, ninyanyue ile mashine ya chuma ya kubania vitabu mbele ya binti, niiweke juu ya meza, nipanguse mikono. Aone nimepona, athibitishe nafasi yake, yaishe.

Niliingia. Nikaikamata. Nikainyanyua, naapa niliinyanyua! Ikafika magotini. Kitu kikalia kah! Sikuwa mimi niliyelia, ulikuwa mgongo. Wa kweli. Nikashuka chini pamoja na mashine, nikalala sakafuni katikati ya vipande vya karatasi. Nimetengeneza migongo ya vitabu maisha yangu yote, na wangu ukaachia kama gundi ya bei rahisi.

Binti akapiga magoti. Nikampigia kelele athibitishe nafasi. Akasema ataniachaje katika hali hii?

"Wa juzi ulikuwa uongo!" nikasema. "Wa leo ndio wa kweli!"

"Kwa hiyo leo unaumwa kweli?"

"Kweli kabisa! Lakini usiujali!"

Alinitazama kwa muda mrefu. Nikasubiri hasira yake. Badala yake alijilaza sakafuni kando yangu, kama alivyokuwa akilala chini ya meza zamani, tukawa tunatazama dari wote wawili. Saa ya ukutani ilisema saa tisa na nusu.

Nikamweleza yote. Barua yangu, historia, kikohozi cha babu yake, ua la bibi yake. Sijawahi kumwambia mtu, hata mama yake alijua nusu.

"Ungekwenda, baba?"

"Ningekwenda."

"Na ungerudi hapa?"

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa mdomoni.

"Sijui," nikasema. "Nadhani ndiyo maana alikohoa."

 Nje mtu alipita na baiskeli inayogonga mnyororo. Akasema, polepole, kwamba alidhani anachagua kati ya chuo na kazi, kumbe siku zote hizi alikuwa akichagua kati ya chuo na sura yangu nikibaki peke yangu mezani. Kazi yenyewe anaijua. Udongo haujui, na anataka kuujua. Akatoa simu mfukoni.

Alithibitisha saa kumi kasoro dakika nne, amelala chali, kichwa chake kwenye bega langu. Nililia. Nikamwambia ni mgongo. Akasema anajua, leo ni wa kweli.

Shemeji ndiye aliyenibeba hadi nyumbani. Njia nzima alinisimulia siku yake ya kwanza chuoni. Sikuwa na pa kukimbilia.

Jumapili, 29 Septemba

Jana tulimsindikiza, mke wangu na mimi. Chuo kina miti na njia za changarawe, na vijana wengi wanaotembea kama wana mahali pa kufika. Binti alibeba sanduku, na kwenye mfuko wa pembeni sindano zake na uzi uliopakwa nta. Anasema ataanza kwa kushona madaftari yake mwenyewe. Aliponiaga alinusa shati langu. Gundi, akasema. Kisha akaingia na wenzake na hakugeuka, au aligeuka mimi nikiwa natazama viatu.

Leo nimefungua karakana peke yangu. Nimesimama mlangoni muda mrefu, funguo mkononi, kabla ya kuingia. Kimya. Mke wangu alikuja na chai, akakaa kwenye stuli ya binti. Akaniapisha: hila basi. Nimfunge mtoto kwa upendo tu, kwa simu ya Jumapili, kama wazazi wenye akili. Nimeapa. Nimeapa kwa moyo wote, na mkono juu ya mashine ya kubania.

Nimeelewa kosa langu. Nilitaka kumweka mtoto mahali alipo baba. Ni ubinafsi, sitarudia.

Mkabala na lango la chuo, pale pembeni ya duka la dawa, kuna chumba kitupu kinachopangishwa. Nilikiona kwa bahati tu. Kina dirisha kubwa linalotazama lango. Wanafunzi wanapita hapo asubuhi na jioni, kila mmoja ana makaratasi, na sijaona fundi wa kujalidi hata mmoja. Nimempigia mwenye chumba, kwa udadisi. Anasema nije Jumanne.

Mke wangu nitamwambia nakwenda kutafuta ngozi ya majalada. Binti akinikuta pale, nitashangaa sana kumwona. Nimeshaanza kufanya mazoezi ya kushangaa mbele ya kioo.